Muislamu na Habari za Kuanza kwa Jua na Sayari

Ndugu msomaji, katika majumba yetu kuna suali moja ambalo watoto huliuliza, na majibu yake hutolewa kwa haraka kuliko inavyostahili. Mtoto hurudi skuli na kitabu cha sayansi, akasoma ndani yake kwamba jua na ardhi na sayari nyingine zote zilitokana na wingu kubwa la gesi na vumbi lililokuwa likizunguka. Alasiri akenda chuoni, akafunzwa kuwa Mwenyezi Mungu ndiye Muumba wa mbingu na ardhi. Usiku akikaa na wazee wake huuliza: "Baba, lipi la kweli katika haya mawili?"

Majibu anayoyapata aghalabu ni ya namna mbili. Wako wanaomwambia: "Hayo ni maneno ya kubuni tu. Leo wanasema hivi, kesho wanasema vile. Usiyasikize." Na wako wanaomwambia: "Hayo wala si mapya. Yote yamo ndani ya Qur'ani tangu zama za Mtume, wao ndio kwanza wanayaona." Jibu la kwanza lina sura ya uchaji Mungu, na la pili lina sura ya kuionea dini fahari. Lakini tukiyapima yote mawili kwa mizani ya kweli, twaona kuwa kila moja lina upungufu, na upungufu huo una hatari kwa imani ya mtoto yule yule tunayetaka kumhifadhi.

Haifai kuhukumu jambo kabla ya kulijua. Basi na tuanze kwa kutazama wanafalaki wenyewe wamesema nini.

Mwaka 1749 mwanachuoni wa Kifaransa aitwaye Buffon alisema kuwa nyota yenye mkia ililigonga jua, vikaruka vipande, na vipande hivyo vikawa sayari. Mwaka 1755 Mjerumani Immanuel Kant alikuja na njia nyingine, kwamba jua na sayari zote zilitokana na vitu vilivyotawanyika angani, vikavutana na kukusanyika. Mwaka 1796 Mfaransa Laplace akaeleza kuwa palikuwa na wingu la gesi lenye joto, likizunguka. Likapoa na kunywea, na kila liliponywea likazidi kwenda mbio, likaacha pete moja baada ya nyingine. Pete zile zikawa sayari, na kiini kikawa jua. Maelezo haya yaliwapendeza watu, maana yalifafanua jambo lililo wazi: sayari zote, tangu Utaridi mpaka Neptuni, hulizunguka jua kwa upande mmoja, na njia zao zimelala karibu sawasawa, kama zilizochorwa juu ya sinia moja.

Lakini palikuwa na kasoro. Kila kizungukacho kikikusanyika katikati huzidi mbio, kama mtoto anayejizungusha huku amenyoosha mikono, kisha akaikunja kifuani. Jua peke yake lina zaidi ya sehemu 99 katika 100 za uzito wa vitu vyote vilivyo pamoja nalo. Basi kama lilikusanyika kutoka katika wingu lile, lingepaswa kuzunguka kwa masaa machache tu. Lakini jua huchukua siku kama 25 kujizungusha mara moja. Wenye hesabu wakipiga uzito wa kila kitu kwa kasi yake na kwa umbali wake, wakaona kuwa karibu nguvu yote ya mzunguko iko kwa sayari, na jua lina chini ya sehemu 2 katika 100. Nadharia ya Laplace haikuweza kulieleza hilo.

Kwa ajili hiyo wataalamu wakatafuta njia nyingine. Mwaka 1905 Wamarekani wawili wa Chicago, Chamberlin na Moulton, na baadaye, mwaka 1917, Mwingereza James Jeans, walisema kuwa nyota nyingine ilipita karibu na jua. Jeans alieleza kuwa nyota hiyo ililivuta jua kama mwezi unavyoyavuta maji ya bahari yakajaa, mpaka ukachopoka ulimi wa gesi, na ulimi huo ukakatika ukawa sayari. Na kwa kuwa nyota ziko mbali mno baina yao, kupitana namna hiyo ni jambo la nadra. Kwa hivyo Jeans aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1930 kwamba nyota zenye sayari ni lazima ziwe chache sana katika ulimwengu wote. Watu wengi wakayapokea hayo kama jambo lililokwisha.

Halikuwa limekwisha. Mwaka 1935 Mmarekani Henry Norris Russell alionyesha kuwa mpito wa namna hiyo hauwezi kuzipa sayari nguvu ya mzunguko ziliyonayo. Mwaka 1939 mwenzake Lyman Spitzer akapiga hesabu na kuonyesha kuwa gesi iliyochopolewa katika jua, kwa joto lake, ingetawanyika angani kabla ya kugandamana. Baada ya hapo yakaja mengine. Otto Schmidt wa Urusi alisema mwaka 1944 kuwa jua lilipita ndani ya wingu la vumbi, likalinasa. Mwingereza Woolfson alisema mwaka 1964 kuwa jua ndilo lililochopoa sayari kutoka katika nyota changa iliyokuwa haijakamilika. Na Msweden Hannes Alfvén alifikiri kuwa nguvu ya sumaku ya jua ndiyo iliyohamisha mzunguko kutoka kwake kwenda katika gesi iliyolizunguka.

Fikira hii ya sumaku ilisaidia kulifufua wingu la Kant na Laplace, maana ilionyesha njia ambayo jua linaweza kupunguzwa mwendo. Mwaka 1969 Mrusi Safronov akatoa kitabu kilichoeleza kwa hesabu jinsi punje za vumbi zinavyoweza kushikana, zikawa vijiwe, kisha majabali, kisha sayari. Na hiyo, pamoja na marekebisho mengi, ndiyo njia inayoshikwa na wataalamu wengi hivi leo.

Sasa, ndugu msomaji, na turudi katika yale majibu mawili. Tuanze na la pili, maana ndilo tunalolipenda zaidi.

Katika Sura Fussilat, Mwenyezi Mungu anataja mbingu zilipokuwa moshi. Na katika Sura Al-Anbiyaa anataja kuwa mbingu na ardhi zilikuwa zimeambatana, kisha akazitenganisha. Hayo twayaamini bila ya shaka. Lakini chukulia mtu aliyeishi mwaka 1890, akamwambia mwanawe: "Moshi ule ndio wingu la Laplace, na hii ndiyo dalili kuwa dini yetu ni ya kweli." Mtoto akaijenga imani yake juu ya dalili hiyo. Ulipofika mwaka 1920 vitabu vinasema Laplace amekosea, na sayari zimechopolewa katika jua. Baba yule atafanya nini? Pengine ataiacha aya ya moshi, aishike ile ya kuambatana na kutengana, aseme kuwa hiyo ndiyo habari ya Jeans. Baada ya mwaka 1939 itambidi aihame hiyo nayo, arudi kwenye moshi. Aya hazikuondoka mahali pake hata siku moja. Aliyekuwa akihamahama ni yeye. Lakini mtoto aliyekuwa akimtazama hataona hivyo. Ataona kuwa Qur'ani ndiyo inayoyumba, na kwamba maana yake hungoja kitabu kipya kitoke Ulaya. Wahenga wetu wamesema, usiache mbachao kwa msala upitao.

Wako waandishi walioyafanya haya kwa nia njema. Daktari wa Kifaransa Maurice Bucaille, katika kitabu chake cha mwaka 1976, aliunganisha moshi huo na wingu la wanafalaki, na kitabu hicho kimewafurahisha Waislamu wengi. Hapana ubaya mtu kutafakari aya akasema, "Huenda maana yake ni hii." Neno "huenda" lina heshima yake. Ubaya unaingia pale tunapoliondoa neno hilo, tukaifanya tafsiri yetu kuwa ndiyo aya yenyewe, na nadharia ya watu kuwa ndiyo shahidi wa Mwenyezi Mungu.

Tazama mwenendo wa Mtume wetu (S.A.W.). Imepokewa katika Bukhari na Muslim kuwa siku aliyofariki mwanawe mchanga, Ibrahim, jua lilipatwa. Watu wakasema kuwa jua limepatwa kwa ajili ya kifo cha mtoto huyo. Hebu fikiri: watu wenyewe ndio waliomletea dalili ya utukufu wake, tena siku ya msiba, wakati moyo wahitaji kuliwazwa. Lau angenyamaza tu, wangeondoka na imani iliyozidi. Lakini hakunyamaza. Aliwaambia kuwa jua na mwezi ni ishara mbili katika ishara za Mwenyezi Mungu, havipatwi kwa kifo cha mtu wala kwa uhai wake. Akaikataa dalili iliyomfaa kwa sababu haikuwa ya kweli. Ikiwa yeye hakukubali kuitetea haki kwa hoja isiyokuwa haki, sisi tumepata wapi ruhusa hiyo?

Ama jibu la kwanza, la kusema kuwa "hao hubadilisha maneno kila siku, basi wasisikizwe," hili nalo halisimami. Sisi watu wa pwani wengi wetu ni wafuasi wa Imam Shafii, Mungu amrehemu. Twajua ana kauli yake ya kale aliyoitoa Iraq, na kauli mpya aliyoitoa alipofika Misri. Hatujamsikia mwanachuoni akisema kuwa kwa sababu imam amebadilisha kauli, basi ilimu yake ni mchezo. Bali kule kurejea ndiko kunakotuonyesha kuwa alikuwa akiifuata dalili, haifuati nafsi yake. Wanafalaki nao hawakuiacha nadharia ya Jeans kwa kuichoka. Waliiacha kwa sababu waliipiga hesabu, na hesabu ikaikataa. Na kukosea kwa mmoja hakufanyi kauli zote ziwe sawa. Kadhi akisikiliza madai ya watu watano, hasemi kuwa kwa vile wamehitilafiana, wote ni waongo.

Mtu aweza kuuliza: "Lakini nani aliyekuwapo akaona?" Kweli, hapana. Katika Sura Al-Kahf Mwenyezi Mungu, akiwataja Iblisi na kizazi chake, anasema kuwa hakuwashuhudisha kuumbwa kwa mbingu na ardhi. Sisi nasi hatukushuhudia. Lakini katika Sura Al-Ankabut Yeye huyo huyo anawaamrisha watu wasafiri katika ardhi watazame jinsi alivyoanza kuumba. Tutatazamaje jambo lililokwisha pita? Tutatazama athari zake.

Na kuhukumu kwa athari si jambo geni kwetu. Kumbuka kisa cha Nabii Yusuf (A.S.) na mke wa mheshimiwa wa Misri. Mlangoni palikuwa na maneno mawili yanayopingana, na shahidi wa macho hapana. Akasema mtu katika jamaa za mwanamke yule: itazamwe kanzu. Ikiwa imechanwa kwa mbele, mwanamke amesema kweli. Na ikiwa imechanwa kwa nyuma, Yusuf ndiye mkweli. Zingatia mambo matatu. Kwanza, mtu huyo aliweka mizani kabla ya kuitazama kanzu. Pili, aliziachia nafasi kauli zote mbili. Tatu, alikuwa jamaa wa mwanamke, na bado alikubali hukumu itoke upande wowote itakaotoka. Hiyo ndiyo insafu.

Basi kanzu ya jambo letu hili iko wapi? Mwezi wa Februari mwaka 1969 vilianguka vimondo vingi huko Mexico, karibu na kijiji cha Allende. Ndani ya mawe yake mna vipande vyeupe vilivyogandamana zamani kabla ya ardhi kukamilika. Urani iliyomo katika mawe hugeuka polepole ikawa risasi, kwa mwendo unaojulikana, kama mchanga unavyoteremka ndani ya chupa ya kupimia saa. Kwa kupima kilichogeuka na kilichobaki, umri wa vipande hivyo umeonekana kuwa kama miaka milioni 4,567. Asishtuke msomaji kwa wingi wa hesabu hiyo. Katika Sura Al-Hajj tumeambiwa kuwa siku moja kwa Mola wetu ni kama miaka elfu katika hesabu yetu; haitupasi kuvipima vitendo vyake kwa kalenda zetu.

Tena kuna yale yaonekanayo kwa darubini. Mwaka 2014 darubini kubwa ya ALMA iliyoko Chile ilipiga picha ya nyota changa iitwayo HL Tauri, nayo imezungukwa na vumbi lililolala kama sahani, lenye mistari myeusi ya pete. Mwaka 2018 ikatolewa picha ya sayari changa ndani ya sahani kama hiyo, penye nyota iitwayo PDS 70. Hayo si jua letu, lakini aliyeona watoto wa wengine wakizaliwa ana haki ya kudhani vipi yeye mwenyewe alizaliwa. Na yale ya Jeans, kwamba nyota zenye sayari ni chache mno? Mwaka 1995 Waswisi wawili, Michel Mayor na Didier Queloz, waligundua sayari inayoizunguka nyota kama jua letu, na tangu hapo zimehesabiwa sayari zaidi ya 5,000. Kanzu imechanwa upande mwingine.

Lakini ajabu ni kuwa sayari ile ya 1995 iliwatatiza hata wale wenye wingu. Ni kubwa, ya namna ya Mshtarii, na huizunguka nyota yake kwa siku nne tu, karibu nayo mno, mahali ambapo nadharia ilisema sayari kubwa haiwezi kuumbika. Ikabidi waseme kuwa sayari huweza kuhama kutoka mahali zilipoanzia. Na mpaka leo wanabishana: je, sayari kubwa kama Mshtarii hujengeka polepole juu ya kiini cha mawe na barafu, au sehemu ya wingu hujikunja kwa ghafla ikawa sayari? Wala hawajakubaliana vipi vijiwe vidogo vinavuka mpaka kuwa majabali bila ya kuvunjana.

Wanavyuoni wetu wa usuli wametufunza kuwa ujuzi wa mtu una daraja. Iko yakini, nayo haina shaka ndani yake. Iko dhana, nayo ni kuelemea upande wenye nguvu. Iko shaka, pande mbili zikiwa sawa. Na uko wahamu, kuelemea upande dhaifu. Tuyapange mambo yetu kwa daraja hizo. Kwamba sayari zote hulizunguka jua kwa upande mmoja, ni jambo la yakini, maana laonekana. Kwamba zilitokana na wingu la gesi na vumbi, ni dhana yenye nguvu sana, ina athari nyingi za kuitegemeza. Namna gani Mshtarii ulikua, hapo pana shaka. Ama nyota yenye mkia kuligonga jua, huo leo ni wahamu. Anayeinua shaka akaiita yakini amesema uongo, na anayeshusha dhana yenye nguvu akaiita upuuzi naye amesema uongo, hata kama kila mmoja wao alikusudia kuinusuru dini.

Hili si onyo jipya. Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, katika utangulizi wa kitabu chake Tahafut al-Falasifa, alizungumza juu ya wale wanaobishana na wenye hesabu kuhusu kupatwa kwa jua na mwezi, wakidhani kuwa huko ni kuitetea dini. Akaeleza kuwa watu hao wanaidhuru, kwani aliyekwisha kujua dalili za hesabu hatatilia shaka hesabu. Atatilia shaka dini. Na madhara ya anayeinusuru dini kwa njia isiyokuwa yake, aliyaona kuwa makubwa kuliko ya anayeipiga vita waziwazi. Miaka zaidi ya 900 imepita, na maneno hayo yangali yatuhusu.

Tumjibu nini basi mtoto aliyeuliza lipi la kweli? Tumwambie kuwa masuali yenyewe ni mawili. Moja launiza nani aliyeumba na kwa nini, na jingine lauliza kwa hatua gani. Qur'ani yenyewe yaeleza kuwa mtoto tumboni hutoka katika tone, akawa pande la damu, kisha pande la nyama, kisha mifupa ikavikwa nyama. Hapana mama aliyezijua hatua hizo akasema kuwa mtoto wake amejiumba mwenyewe. Vivyo hivyo wingu la vumbi, hata likathibiti kwa yakini kamili, bado halijajieleza limetoka wapi, wala nani aliyelipa sharia ya kuvutana na kuzunguka ambayo halikuiasi hata mara moja. Imani yetu kwa Muumba haikusimama juu ya Laplace, hata ianguke kwa kuanguka kwake.

Kisha tumwambie akasome, asome sana, na asiogope. Mwalimu akimwambia jambo la sayansi, na aulize: "Twalijuaje hili?" Nasi nyumbani akituuliza tusilolijua, tusione haya kusema hatujui. Ilimu ni amana, na katika amana ni kulirejesha kila neno kwa uzani wake, bila ya kuzidisha wala kupunguza. Mtoto aliyemsikia babake akisema "hili nalijua, na hili silijui" atamsadiki siku atakapomwambia kuwa Mwenyezi Mungu ni mmoja. Na aliyemkamata babake akijidai kujua nyota, siku hiyo nani atamzuia asimdhanie vivyo hivyo katika dini?

Wanavyuoni wetu waliotangulia waliandika vitabu na kutoa fatwa zilizojaa dalili, na pamoja na hayo yote walizoea kumaliza kwa neno moja. Nasi twamaliza kwa neno hilo hilo, tukimuomba Mola atujaalie tuwe tunalisema kwa moyo na si kwa ulimi tu: Wallahu aalam, Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi.